Nyumba ya Miguel Hernández, Orihuela: Msiishie Vyumbani

Nyumba hii ya Orihuela, kusini-mashariki mwa Hispania, alimokulia mshairi Miguel Hernández, nimeiingia mara mbili, na ile ya kwanza siihesabu. Nilimlipa mtembezaji wa watalii yuro 30, akatutoa Alicante kwa gari dogo, watu wanane, tukafika Orihuela saa tano asubuhi na saa sita haijagonga tukawa tumeshaondoka. Alituonyesha vitanda, vyombo vya jikoni na picha za ukutani, kisha akatupanga mlangoni tupigwe picha. Nilipomuuliza kama tunaweza kutoka uani akanijibu, "Huko hakuna kitu, ni banda la mbuzi tu." Nikamwamini, nikapanda gari.

Mwaka huu nimerudi bila mtembezaji, na mtoto mgongoni, na nimekaa zaidi ya saa mbili. Sasa naandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kwenda, ili asidanganyike kama mimi: kinachofaa kufuatwa katika nyumba ile ni hilo banda la mbuzi.

Nianze na jinsi nilivyomjua mwenye nyumba. Tunaishi Alicante kwa sababu ya masomo ya mume wangu, nami nilijiandikisha darasa la jioni la Kihispania. Nilikuwa na mimba ya miezi saba mwalimu alipotugawia karatasi yenye beti 12 za wimbo wa kubembeleza mtoto, kichwa chake kikitaja kitunguu. Nilidhani ametuchagulia kitu chepesi kwa kuwa Kihispania chetu kilikuwa bado kichanga. Halafu akatusimulia. Ni Septemba 1939, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimemalizika tangu Aprili, upande wa Jenerali Franco umeishinda Jamhuri, na Miguel Hernández, aliyekuwa upande wa Jamhuri, yumo gereza la Torrijos mjini Madrid. Mkewe, Josefina Manresa, amemwandikia kwamba nyumbani hakuna chakula ila mkate na kitunguu. Ananyonyesha mtoto wa miezi minane. Miguel akamjibu kwamba harufu ya kile kitunguu inamfikia mpaka gerezani, na kwamba mtoto lazima atakasirika akinyonya maji ya kitunguu badala ya maziwa. Hakuwa na senti ya kutuma. Ndani ya barua akatia zile beti.

Kwa wapenzi wa mashairi yetu, sikilizeni umbo lake. Kila ubeti una mishororo saba. Mizani huenda saba, tano, saba, tano, kisha tano, saba, tano. Ni bahari ya zamani ya nyimbo za watu Hispania, inaitwa seguidilla, watu huiimba na kuichezea ngoma. Miguel angeweza kuchagua mishororo mirefu ya hasira, na uwezo huo alikuwa nao tele, maana kitabu chake cha kwanza cha 1933 kilijaa fumbo juu ya fumbo na vina vya kukata pumzi. Akachagua mishororo ya mtu anayemtembeza mtoto chumbani usiku, huku na huku, hatua fupi fupi. Tangu mwanangu azaliwe nimeujaribu wimbo huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Unafaa. Kwa kawaida mwanangu hulala kabla ya ubeti wa sita.

Kwa hiyo tukaenda kwa treni, mimi naye. Kutoka Alicante ni kama saa moja, na kituo mnachoshukia Orihuela chenyewe kimepewa jina la mshairi. Unavuka mto Segura, unapita mji wa kale na makanisa yake, mpaka unalifikia jengo kubwa la Santo Domingo, ambalo karne nyingi zilizopita lilikuwa chuo kikuu. Simameni hapo kidogo kabla ya kuendelea. Humo ndimo Miguel alimosoma kwa Wajesuiti, akawa mwanafunzi hodari kiasi kwamba mapadri walikuwa tayari kumgharimia aendelee. Baba yake akakataa. Mwaka 1925, kijana akiwa na miaka 14, akamtoa shuleni akachunge mbuzi. Ukilizunguka jengo hilo kwa nyuma, unakuta mtaa mwembamba chini ya mlima, uliokuwa ukiitwa Calle de Arriba, Mtaa wa Juu, na sasa unaitwa Miguel Hernández. Nyumba ni nambari 73. Ni karibu mno na shule. Kila alfajiri alipotoka na mbuzi, shule ilikuwa pale pale, na wenzake wamo ndani.

Kigari cha mtoto kiacheni, mtoto mbebeni. Kiingilio sikutozwa.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa mlangoni alimtazama mwanangu, ambaye alikuwa ameanza kulia njaa, akasema, "Pita, binti, nenda moja kwa moja uani, kuna kivuli. Vyumba havikimbii." Namshukuru mpaka leo, maana neno lake ndilo lililonipa mpangilio sahihi wa kuitazama nyumba. Mara ya kwanza nilianzia sebuleni nikaishia sebuleni. Safari hii nilianzia nyuma.

Uani kuna kisima, na kuna banda la mbuzi, na nyuma yake bustani inayopanda kuelekea mlimani, penye miamba mitupu. Kuna mtini. Mtini huo, au ule uliokuwa pale kabla yake, umeingia katika shairi lake mashuhuri la maombolezo, alilomwandikia rafiki yake Ramón Sijé aliyefariki mkesha wa Krismasi 1935 akiwa kijana mdogo. Humo Miguel anamwambia marehemu, "Utarudi kwenye bustani yangu na mtini wangu." Nilikuwa nimelisoma nikidhani mtini ni pambo la kishairi. Nikakaa chini ya kivuli chake namnyonyesha mtoto, nikaelewa kwamba alikuwa akimwelekeza rafiki yake njia ya kurudi mahali wanapopajua wote wawili.

Basi mwanangu aliposhika ziwa, pakawa kimya, nikakumbuka kisa anachokisimulia mshairi Pablo Neruda katika kumbukumbu za maisha yake. Neruda alikuwa konseli wa Chile mjini Madrid Miguel alipokwenda huko kutafuta maisha, na wakawa marafiki. Anasema Miguel alimweleza jinsi ilivyo ajabu kumwekea sikio mbuzi aliyelala, tumboni, ukasikia maziwa yakiteremka kwenye kiwele. Nilikisoma kisa hicho nikakiona kizuri, basi. Pale uani kikanishika koo. Mtu aliyewahi kulala zizini akisikiliza maziwa yakija, ndiye baadaye anaketi gerezani akisoma kwamba maziwa ya mke wake yanatokana na kitunguu. Alijua vizuri maziwa yanatoka wapi. Alijua mnyama asipokula nini kinatokea. Kitunguu katika beti zile 12 hakikuletwa ili kupendezesha. Ni hesabu ya mchungaji.

Wengi huandika kwamba siasa za Miguel zilianzia Madrid, kwa Neruda na rafiki zake wa mrengo wa kushoto. Sikatai. Orihuela aliishi katikati ya Wakatoliki wakereketwa, Sijé akiwa kinara wao, na mwaka 1934 alichapisha mchezo wa kuigiza wa kidini kabisa. Madrid ilimgeuza. Lakini keti uani pale nusu saa, kisha uniambie kama Madrid ndiyo iliyoanza. Kijana huyu alikamua mbuzi akapeleka maziwa milangoni mwa watu wa mji. Anayepeleka maziwa mlango kwa mlango anajua nani hununua mengi, nani hununua kikombe, nani hufunga mlango. Aliandika wakati wa vita juu ya mtoto wa mkulima aliyezaliwa kwa ajili ya nira, mdogo kuliko punje ya shayiri, akilima kabla hajajua kucheza. Mwishoni anauliza nani atamwokoa mtoto huyo, na anajibu kwamba wokovu utoke mioyoni mwa vibarua ambao nao walikuwa watoto wa aina hiyo hiyo. Sioni jibu hilo likitoka kwenye mkahawa wa Madrid. Linanuka zizi.

Hata hivyo nyumba ile inasahihisha jambo moja, na ni vizuri ilisahihishe. Watu hupenda kumfanya Miguel fukara wa kutupwa, mchungaji wa mbuzi za wengine asiye na godoro. Sivyo. Baba yake alikuwa na mifugo yake mwenyewe na alifanya biashara ya mbuzi. Familia ilihamia hapo Miguel akiwa na miaka minne hivi, na nyumba ina vyumba vya kutosha, jiko, ua, kisima chao. Umaskini wake ulikuwa wa namna nyingine: baba mwenye uwezo wa kumsomesha, asiyeona faida ya kusoma. Inasimuliwa kwamba akimkuta na taa usiku juu ya kitabu alimpiga. Chumba alicholala na kaka yake Vicente kimo, mnaweza kukiona, ni kidogo. Nilikitazama huku nafikiria mwanga wa taa unavyopita chini ya mlango.

Vyumba vingine sitavieleza sana. Ni safi, ni vya heshima, samani ni za zama zile, picha zinasaidia. Dakika 20 zinatosha mkishatoka uani.

Kwa habari za vita, someni kabla ya kwenda. Septemba 1936 alijiandikisha kwa hiari upande wa Jamhuri, akaanza kwa kuchimba mahandaki. Baadaye akapewa kazi ya utamaduni jeshini, mashairi yake yakawa yanachapwa katika magazeti ya askari na kusomwa kwa vipaza sauti mstari wa mbele. Kitabu cha 1937 ndicho kilichomfanya sauti ya watu. Mle lipo shairi la wachuma zeituni wa Jaén, akiwauliza wale wakulima wenye kiburi nani aliyeinua miti ile, mwenye shamba au jasho lao. Sasa hilo ni wimbo rasmi wa mkoa wa Jaén. Sitasema nayapenda yote. Yapo yanayopiga kelele, na yale aliyoyaandika baada ya safari ya Umoja wa Kisovyeti mwaka huo huo, ya viwanda na mitambo, kwangu yamepoa. Hayo yamo katika kitabu kilichofuata, lakini humo pia kuna treni ya majeruhi inayopita gizani, kimya, watu waliopoteza miguu na mikono. Kilikuwa kiwandani Valencia mwaka 1939 kikisubiri kufungwa jalada, washindi wakakiharibu. Nakala mbili zikanusurika, na wasomaji wakakipata mwaka 1981.

Na vita havikumwacha salama upande wowote. Baba yake Josefina alikuwa askari wa Guardia Civil, kikosi cha polisi, akauawa na wanamgambo wa upande wa Jamhuri Agosti 1936, wiki chache kabla Miguel hajajiunga na Jamhuri hiyo hiyo. Josefina akamwoa mshairi huyo wa Jamhuri Machi 1937, samahani, akaolewa naye, lakini kalamu yangu iliandika hivyo kwa sababu naona yeye ndiye aliyehitaji moyo mkubwa zaidi. Mtoto wao wa kwanza, Manuel Ramón, alizaliwa Desemba 1937 akafa Oktoba mwaka uliofuata. Miezi kumi. Mtoto wa wimbo wa kitunguu ni wa pili, Manuel Miguel, wa Januari 1939. Kwa hiyo baba anapomwambia mtoto yule acheke, acheke sana, kicheko chake kinamfungua minyororo, ujue tayari ameshazika mmoja. Sikulijua hilo niliposoma mara ya kwanza. Nilipolijua, nilirudia shairi zima kwa sauti nyingine.

Kuna kisa ambacho ukiwa mtaani pale kinakuingia vingine. Vita vilipokwisha Miguel alijaribu kukimbilia Ureno. Polisi wa Ureno wakamkamata, wakamrudisha mpakani. Akazungushwa magereza, Huelva, Sevilla, Madrid, kisha katikati ya Septemba 1939 akaachiliwa, bila kutarajiwa. Marafiki walimsihi ajifiche au akimbilie ubalozini. Yeye akarudi nyumbani kuwaona mke na mtoto. Tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, yaani siku ya jina lake, akakamatwa Orihuela, mji wake, akafungwa katika seminari juu ya kilima, iliyokuwa imegeuzwa gereza. Nilitoka mlangoni nikasimama barabarani nikatazama juu. Mji ni mdogo. Aliyemtambua alimjua tangu akipita na mbuzi.

Januari 1940 akahukumiwa kifo. Hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 30. Katika gereza la Conde de Toreno, Madrid, mfungwa mwenzake Antonio Buero Vallejo alimchora kwa penseli, na mchoro huo ndio uso wake tunaoujua wote. Akahamishiwa gereza la Palencia, kisha Ocaña, mwisho Alicante. Kifua kikuu kikammaliza huko tarehe 28 Machi 1942, akiwa na miaka 31. Wiki tatu hivi kabla, Machi 4, alifunga ndoa ya kanisani na Josefina katika chumba cha wagonjwa cha gereza, kwa sababu ndoa yao ya serikali ya Jamhuri ilikuwa haitambuliki tena na alihofia mke atabaki bila haki yoyote. Humo gerezani pia aliandika hadithi za watoto kwa ajili ya mwanawe, kwenye karatasi za chooni, zikashonwa kama kijitabu. Mimi nina vitabu vya picha vya mwanangu nyumbani, vizuri, vya karatasi ngumu. Sijui kama nitavitazama tena vile vile.

Mkiwa na nguvu za miguu, baada ya nyumba pandeni mtaa wa San Isidro. Ni wa vibarua, ngazi ni kali, na kuta za nyumba zimechorwa picha za mashairi yake. Zilianza kuchorwa Mei 1976, miezi michache tu baada ya kifo cha Franco, watu wakiwa bado hawana hakika kama inaruhusiwa. Nyingi zimepakwa upya tangu hapo. Niliziona kwa haraka kwa kuwa jua lilikuwa kali na mtoto amechoka, lakini ningependa kurudi.

Jambo moja linanikera, wala si kosa la nyumba. Jina la Miguel liko kila mahali: kituo cha treni, chuo kikuu cha Elche, na tangu 2021 uwanja wa ndege wa Alicante. Wakati huo huo, mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Hispania iliikatalia familia yake ombi la kuipitia upya hukumu ile ya 1940. Mwaka mmoja kabla serikali ilikuwa imetoa tamko la kumrudishia heshima, na majaji wakaona hilo linatosha. Ilibidi isubiriwe sheria ya 2022 iliyotangaza hukumu za mahakama za Franco kuwa batili. Kwa hiyo ndege zilitua kwa jina lake kabla hukumu yake haijafutwa. Nikipita uwanjani hapo huwa nalifikiria hilo kila mara, na nadhani kila abiria angestahili kuambiwa.

Ushauri wangu wa mwisho ni huu: nyumba ya Orihuela inakupa nusu ya kwanza tu, hivyo usirudi kwenu bila kupita makaburini Alicante. Chapisheni zile beti 12 mwende nazo, hata kama Kihispania chenu ni cha kuungaunga. Sisi tulikwenda Jumapili, mume wangu akiwa amebeba maji na mwavuli. Miguel amelazwa pale pamoja na Josefina, aliyefariki 1987, na Manuel Miguel, yule mtoto wa kitunguu, aliyefikisha miaka 45. Tulikaa ukingoni mwa kaburi. Mwanangu alikuwa ameshalala begani kwangu, nikasoma mishororo yote 84 kwa sauti ya chini, na hakuamka.